Uzito wa Chuma cha Zeze

Mbukwa, nakusalimu, Sechelela, mjukuu wangu na mke mwenzangu.

Mwalimu wako atakupa karatasi hizi leo jioni, ukirudi kutoka Makutupora ulikokwenda kuwaaga shangazi zako. Zisome zote kabla hatujakwenda Dodoma kwenye gari la moshi. Usizisome mbele ya shangazi yako yeyote, maana ataanza kulia kabla hajajua kisa. Mimi sijui kusoma wala kuandika, na kwa uzee huu sitaki tena kujua. Mwalimu amekaa kizingitini na kalamu, mimi nimekalia kinu kilicholazwa, nasema naye anaandika. Kiswahili changu unakijua, nilikiokota kwa wapagazi nikiwa msichana. Nimemwomba akinyooshe, ila asikioshe mpaka kikawa cha mtu mwingine.

Mambo ya jikoni sikuandikii. Mama mkwe wako wa Kilimatinde ana mdomo, nilimsikia siku ya mahari. Atakueleza kwa makelele mlenda wao unapikwaje, nawe utasema ndiyo mama, kisha utapika unavyojua. Mambo ya kulala na mume ulishaambiwa na shangazi zako. Kama walisahau kitu, mtakivumbua wenyewe. Mwalimu ameinamisha kichwa hapa. Andika, mwalimu, una watoto sita.

Nimechoka, mjukuu wangu. Si uchovu wa jembe, huo naujua, ukilala unaondoka. Huu wa sasa nalala nao na ninaamka nao. Ni wa kubeba neno moja miaka yote tangu ukiwa unatambaa. Mdomo wangu ni mkali mbele ya watu, mbele yako ni mwoga. Ndiyo maana nimeita kalamu.

Juzi uliniomba chuma cha zeze uende nacho. Nikakujibu, "Chuma hiki hakitoki ndani ya tembe hii." Ukaniambia, "Basi, bibi, uzikwe nacho." Jibu hilo nililipenda, nikaficha uso nisicheke. Halafu ukatoka nje ukalia nyuma ya zizi, nami nikakusikia, sikutoka.

Unafikiri sijui kwamba unakiiba? Kila nikirudi shambani nakikuta mahali pake kwenye kidaka cha ukuta, kimelazwa vilevile, lakini kina joto la mkono. Nilinyamaza. Nilikukataza zeze tangu mtoto, nikakuambia mwanamke ashike ngoma, nami mwenyewe nimelipiga zeze hilo mpaka meno yakaanza kuniacha. Hukuniuliza kwa nini. Sasa nakuambia.

Baba yangu alikuwa mhunzi, na alikuwa mpiga zeze. Siku moja kipande cha chuma chenye moto kilimwangukia mkono wa kushoto. Vidole viwili vikajikunja kama miguu ya kuku aliyekufa, havikunyooka tena. Mtu mwingine angelitundika zeze. Yeye akakaa chini, akalilaza mapajani kama mtoto anayeogeshwa, upinde akauacha. Akachukua kipande cha jembe bovu akakifua kikawa mviringo, urefu wa kidole cha kati, akakisugua kwa mchanga na mafuta mpaka kikang'aa. Akakishika kwa vidole vilivyobaki, akakiburuta juu ya waya, huku mkono wa kulia ukidonoa. Waya ulikuwa wa shaba, tulioupata kwa misafara. Wakati ule waliopita nchini mwetu walitoa kwanza hongo, ushuru wa njia, kabla Mdachi hajasema hongo zote ni zake. Mwalimu ananiambia nisiseme hivyo. Nimeshasema.

Zeze la watu wengine linaruka kutoka sauti hadi sauti kama mbuzi juu ya mawe. La baba liliteleza. Sauti ilianza chini ikapanda, hukuona ilipokanyaga. Watu walikuja kutoka mbali kumsikia, wengine wakasema ana jini. Alikuwa na vidole viwili vibovu, basi.

Nikiwa msichana nilimwona akifua vyuma vingi kabla hajakipata cha kumfaa. Alivipanga chini, akavijaribu kimoja kimoja, nami nikashika kibuyu cha zeze kisitingishike. Hapo ndipo nilipojifunza yote ninayoyajua, nami nakuambia sasa kwa sababu wewe umejifunza kwa kuiba, na anayeiba hajifunzi pole pole.

Chuma chepesi kinakwenda upesi. Unakigusa tu, kimeshafika. Lakini hakitulii juu ya waya, kinatetemeka, ndani ya kibuyu unasikia kama nzi aliyenaswa, na sauti inakufa kabla hujaifaidi. Ukikikandamiza ili kitulie, mkono unakakamaa, na mkono uliokakamaa hausikii kitu. Chuma kizito hukikandamizi. Kinajilaza chenyewe, wewe unakionyesha njia tu. Sauti inanenepa, inakaa, unaweza kuvuta pumzi ukaikuta bado ipo. Kwa wimbo wa msiba hakuna kama hicho. Ila kukiondoa mahali ni kazi, na kukisimamisha ni kazi zaidi. Kinapitiliza pale ulipotaka. Ukikiachia kidogo kinaulemea waya mpaka ukagusa mti wa zeze, na sauti inapanda kuliko inavyopaswa, inakuwa kama mtu anayesema uongo huku anatabasamu. Halafu kifundo cha mkono. Unacheza mavuno mazima, kesho yake huwezi kufunga nguo.

Baba alikuwa na mkono wa mhunzi, akachagua kizito. Mimi nilizaliwa na mifupa yake, kikanifaa. Nikadhani chuma hicho ndicho zeze lenyewe. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, na nilikosa kwa sababu kwangu lilikuwa sawa.

Nikamzaa baba yako, Ndahani. Utoto wake wote alikuwa na vifundo kama vya mtoto wa swala. Nilimwekea chuma cha baba mkononi akiwa bado anachunga ndama. Akajaribu, akakirudisha. Alipokua kidogo akaokota mkuki uliovunjika, akaenda kwa kaka yangu kwenye kiwanda chake cha uhunzi, akajifulia chuma chake mwenyewe, chembamba, nusu ya uzito wa kile. Nacho akakiweza. Alikitetemesha upesi upesi juu ya waya, na ile kelele ya nzi niliyokuambia, yeye aliigeuza ikawa sehemu ya wimbo. Zeze lilicheka. Vijana walicheza mpaka vumbi likafunika ng'ombe.

Mimi sikupenda. Nilijua zeze la kulia tu. Wanawake wenzangu waliniambia, "Mwanao analichekesha zeze la marehemu baba yako!" Walikuwa wanamsifu. Mimi nikasikia tusi.

Sikiliza sasa nilichofanya. Ndahani alikuwa machungani. Nikachukua chuma chake, nikachukua cha baba, nikaenda kwa kaka yangu.

Nikamwambia, "Viunganishe."

Akasema, "Dada, hiki chembamba ni cha kijana."

Nikasema, "Na kijana ni wa nani?"

"Wako."

"Basi vukuta."

Vikaingia motoni viwili, vikatoka kimoja. Ukikigeuza chuma hicho utaona mstari mwembamba upande mmoja, kama kovu. Umeshaupitisha kidole mara nyingi, hukujua. Hapo ndipo chuma cha baba yako kilipoingia. Kikawa kizito kuliko hata cha baba yangu. Nikampa Ndahani jioni hiyo, nikamwambia, "Sasa una cha babu yako na cha kwako pamoja." Nilidhani nimesema neno zuri. Yeye alikigeuza, akautazama ule mstari, akachukua zeze. Alikuwa kijana wa kutii, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Angenitukana siku ile, leo nisingekuwa naandikisha barua.

Alikipiga hivyo misimu miwili. Kifundo kikavimba. Alikuwa anakificha chini ya nguo, na usiku mama yako alikuwa anakikanda kwa maji ya moto. Mama yako, Mungu amlaze pema, aliwahi kuniambia, "Mama, mkono wa mume wangu unaharibika." Nikamjibu, "Utazoea." Hata sikumwambia nani atazoea. Mwaka wa njaa ukamchukua, wewe ukiwa bado unanyonya, tukakulea kwa maziwa ya mbuzi na uji wa uwele.

Yalipokuja mavuno baada ya njaa ile, jumbe aliita ngoma. Watu walikuwa wana hamu ya kufurahi, hawajafurahi muda mrefu. Mimi nikasema Ndahani apige ule wimbo wa baba yangu, mrefu, wa taratibu. Akasema, "Mama, leo mkono hauko sawa." Nikasema, "Mkono hauchagui siku." Akapiga. Alipofika katikati, vidole vikamwachia. Chuma kikaanguka juu ya kibuyu, kibuyu kikapasuka, watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walikuwa na pombe. Lakini mimi nilisimama katikati yao, mimi mama yake, nikasema kwa sauti, "Ningezaa jiwe, lingeshika vizuri zaidi."

Mwalimu ameuliza kama kweli niandikiwe hilo. Niandikie kama lilivyotoka.

Baba yako alichukua kitambaa akafuta waya kutoka juu mpaka chini, kama nilivyomfundisha, akaliweka zeze, akaondoka. Kesho yake jua lilipotoka alikuja kukuchukua mahali ulipolala, akakubeba mpaka mlangoni, akaniwekea mikononi. Akasema, "Mama, huyu usimpe kitu kizito." Akafuata msafara wa wapagazi uliokuwa unakwenda magharibi. Nilimtazama mpaka akawa mdogo. Nilikuwa na mdomo wa kuita, sikuita. Nilisema moyoni kwamba atarudi na njaa.

Wewe ulipoanza kuongea ukauliza baba yuko wapi, nikasema amependa njia kuliko nyumba. Ulipokuwa mkubwa kidogo ukaniuliza, "Bibi, baba alinitupa?" Nilikuwa nasonga ugali. Nikakujibu, "Ndiyo," bila kugeuka. Wewe ukaenda ukakaa na ndama.

Basi ndilo hilo neno ninalolala nalo. Hakukutupa. Alinikimbia mimi. Wewe hangeweza kukubeba kwenye msafara ukiwa hujatembea vizuri, na alikuacha kwa mtu pekee aliyekuwa naye nyumbani, ingawa mtu huyo ndiye aliyemvunja. Ungefanya nini ungekuwa yeye? Mimi nimeuliza miaka yote, sijapata.

Mwaka jana kwenye mavuno nilikusikia ukiwaambia wenzako, "Nikikutana na baba yangu nitamtemea mate miguuni." Wakacheka. Mimi nilikuwa napepeta, ungo ukanishinda.

Halafu siku zile za kupatana mahari akaja Mzee Hamisi, yule Mrangi wa tumbaku anayetoka Kondoa na punda wake. Wewe ulimpa maji ukaenda zako. Akaniuliza binti anaolewa wapi, nikamwambia Kilimatinde. Akatafuna tumbaku yake.

Akasema, "Mama Ndahani, nikuambie, au ninywe maji nipite?"

Nikasema, "Ukinywa ukapita nitakupiga na mwiko."

Akasema, "Mwanao yuko Kilimatinde. Anateka maji ya ng'ombe kwenye visima, chini ya boma. Mkono wake wa kushoto umepinda, anavuta kwa mmoja. Nilimsalimu kwa jina la huku, akashtuka."

"Ana mke?"

"Hana. Anaishi na mzee mmoja kiziwi."

"Anapiga zeze?"

"Nilimuuliza. Akasema kiziwi ndiye mwenyeji mzuri, haulizi nyimbo."

"Aliuliza habari zangu?"

Hamisi akatazama punda wake. "Aliuliza kama yule mtoto anatembea vizuri."

Anatembea vizuri! Unaolewa, na yeye bado anakuona unatambaa.

Sasa umejua. Unakwenda kukaa mahali ambapo kila siku utakwenda kisimani. Utamkuta. Utamkuta kabla ya mwezi kwisha, labda siku ya kwanza. Na kama ningenyamaza, ungemtemea mate mtu anayekuwaza, ungemtemea kwa mdomo wangu. Nilifikiri kuuvunja uchumba, sikufichi. Nilimtafutia mume wako kasoro, nikapata masikio makubwa tu. Nilijaribu kuyakuza, hata shangazi zako wakanicheka.

Nikafikiri pia kukurahisishia kwa njia nyingine. Jana ulipokwenda Makutupora, mimi nilikichukua chuma nikakipeleka Dodoma kwa yule mhunzi kijana, mtoto wa mtoto wa kaka yangu, anayefua misumari ya reli siku hizi. Nikamwambia akikate, akirudishe kiwe chepesi, nikupe uende nacho. Akakitia motoni kikaanza kuwa chekundu. Akakishika kwa koleo, akainua patasi, akaniuliza, "Bibi, nikate mpaka kibaki uzito gani?"

Nikasema, "Chepesi, kama cha Ndahani."

Akasema, "Ndahani simjui. Kitashikwa na nani?"

Nikasema, "Na Sechelela."

"Yeye anakitaka kiweje?"

Mhunzi amesimama, chuma kinapoa, na mimi mzee mzima nimesimama pale na kanzu yangu ya kaniki nimeelewa kwamba nafanya kitu kilekile. Mara ya kwanza nilimuongezea mtu uzito bila kumuuliza, sasa nampunguzia bila kumuuliza. Nikasema, "Kiache." Akasema, "Bibi, umenichosha na makaa yangu." Nikasema, "Na mimi nimejichosha, mwanangu." Nikakaa kwenye reli yao mpaka kikapoa, nikarudi nacho kwa miguu. Njia nzima kilikuwa kizito. Zamani sikuwahi kukiona kizito.

Nimekuwekea kwenye kikapu chako, chini ya mtama. Zeze pia lichukue, kibuyu nilibadilisha zamani. Usikione chuma hicho kama urithi wa kutunza. Kipige mwezi mzima kama kilivyo. Sikiliza kifundo chako zaidi ya watu wanaokusifu. Kikianza kuuma asubuhi kabla hujashika kitu, hicho si chako, hata kama wanaokusikiliza wanalia machozi ya raha. Nenda kwa mhunzi wa huko akakupunguzie kidogo, ujaribu, akupunguzie tena. Kidogo kidogo, kwa sababu chuma kilichokatwa hakirudi. Ukifika mahali ambapo hukikandamizi na wala hakikuburuti, simama hapo. Na kama hutaki zeze kabisa, kiyeyushe kiwe kisu cha kukatia mboga. Sitafufuka kukuuliza. Bado sijafa, lakini umenielewa.

Habari ya baba yako sina ushauri. Nimekaa na kinu hiki tangu asubuhi natafuta neno la kukuambia ufanye nini ukimwona, na kila nilipolipata lilikuwa neno la kukuamuru. Mwalimu amesema niweke neno la Mungu hapa, la kusamehe. Nimemwambia Mungu anaijua habari hii tangu mwanzo, asiyeijua ni Sechelela. Ukitaka kumsalimu, msalimu. Ukitaka kupita na mtungi wako, pita. Ukitaka kumwambia mama yake alisema nini kwenye karatasi, ni juu yako pia, ila mwambie lote, pamoja na lile la jiwe, maana ukiliacha atajua unanipamba.

Na mimi? Unaweza kunikasirikia. Nimekulea, nimekuogesha, nimekuchanja dawa, nimekaa macho na homa zako, na hayo yote hayafuti ile "ndiyo" niliyokujibu huku nasonga ugali. Viwili hivyo vyote ni vyangu. Nakupenda mpaka mwili unauma, Sechelela, na nilikudanganya. Sitaki uchague kimoja usahau kingine.

Kesho nitakusindikiza. Tukiwa njiani usinijibu kitu, sina nguvu ya kujibiwa nikitembea. Tukifika stesheni, wewe utapanda na mume wako, mtakaa upande wa dirisha, na gari litaelekea Bahi. Watu watapunga mikono. Wewe ukitaka kupunga, punga. Ukitaka kugeuza uso, geuza. Jicho langu la kushoto lilishaingia ukungu tangu masika, sikumwambia mtu. Nitasimama hilo likiwa upande wenu. Utafanya unalotaka, na mimi sitaona ni lipi.

Bibi yako,
Mama Ndahani